Fomu Haina Subira

Verediana aliosha kichwa kwa sabuni ya mche, akakisuuza mara tatu, akakikausha kwa kanga kuukuu, na mafuta hakupaka. Sponji za mradi wa tiba, zinazofungwa kichwani, hazipendi mafuta. Hilo alilijua kwa aibu. Siku ya kwanza alikwenda amejipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, mpaka kisogoni, kama mtu mwenye adabu anayekwenda kuonana na wakubwa, na kile kisanduku cha umeme kikakataa kabisa kufanya kazi, kikawa kinalia tu mpaka muuguzi akamsugua kichwa kwa pamba na spiriti. Tangu hapo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alitoka nyumbani na kichwa kikavu, na majirani zake pale Kibondo walishachoka kumuuliza amefiwa na nani.

Alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka kumi na minne alikaa barazani kwa Asia, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, akishona sare za shule: mashati meupe, sketi za rinda, suruali za khaki zenye pindo refu kwa ajili ya watoto wanaokua haraka kuliko mishahara ya wazazi wao. Mwezi wa nne akaugua homa ya ubongo. Alilazwa siku kumi na moja, akatoka hai, watu wakamshukuru Mungu. Ila kichwa kilichotoka hospitalini hakikuwa kile kilichoingia. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano kwa sababu mkono wa kulia ulitetemeka. Vipimo alivyochukua kwa futi vilimtoka kabla hajafika kwenye meza ya kukatia. Ikifika jioni kichwa kilijaa maumivu mazito, akawa hawezi hata kusikiliza redio.

Mwezi wa saba alikata suruali ya mtoto wa darasa la tatu yenye miguu miwili ya kushoto. Asia alicheka, wateja wakacheka, naye mwenyewe akacheka ili yaishe. Ya pili hakuna aliyecheka. Ya tatu, Asia alimwita pembeni akamwambia kwa upole, na upole wa mwenye baraza ni wa kuogopa kuliko ukali wake, kwamba kitambaa kimepanda bei mara mbili mwaka huu, hakuna cha kuchezea, na msimu wa sare wa Januari ukimkuta bado yuko hivi, cherehani yake itabidi ipishe ya mtu mwingine.

Ndipo mradi ulipokuja, mwezi wa kumi na moja, ukapanga chumba nyuma ya soko. Ulitafuta watu waliougua homa ya ubongo wakapona nusu. Kila mmoja angekalishwa kwenye kiti mara ishirini, dakika ishirini kila mara, sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi zimefungwa kichwani kwa mkanda wa mpira, na nyaya mbili, mwekundu na mweusi, kutoka kwenye kisanduku kisichozidi redio ndogo. Umeme uliopita humo ulikuwa kidogo mno. Ulisikika kama siafu wawili watatu wanaopita juu ya ngozi, kisha hata hao hawakusikika tena.

Muuguzi aliyeendesha kile kisanduku aliitwa Anifa, mwenyeji wa Tanga, aliyepangiwa kazi huku miaka sita iliyopita na akazoea baridi bila kuipenda. Yeye ndiye aliyemweleza Verediana jambo lenyewe kwa lugha ya kueleweka. Wadudu wa ile homa walikwisha kufa, alisema. Tatizo ni askari wa mwili waliotumwa ubongoni kupigana nao. Vita vimeisha lakini askari hawajarudi kambini, bado wanarandaranda na sasa wanavunja nyumba za raia. Hiyo fujo yao ndiyo wataalamu wanaiita mchochota, yaani uvimbe wa ndani usioonekana kwa macho. Baadhi ya wataalamu wanadhani umeme mdogo unaweza kuwatuliza askari hao warudi makwao. Wengine hawaamini. Mradi ulitaka kujua nani mkweli.

Verediana hakujali nani mkweli kati ya wataalamu. Alijali kwamba baada ya mara ya saba aliamka asubuhi akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Alikaa kitandani akaitazama ile sindano muda mrefu, kisha akaufungua uzi akatunga tena, kuhakikisha. Baada ya mara ya kumi alikata shati la majaribio kutoka kwenye shuka la zamani, na mikono yote miwili ilitoka sawa. Maumivu ya jioni bado yalikuja, lakini yalikuja kama mgeni anayejua kuwa hapendwi, hayakukaa. Zilibaki mara nane. Krismasi ilikuwa wiki ijayo, na baada ya Krismasi sare.

Sasa Alhamisi jioni simu ikaita: kesho watu wa Kibondo wasiende chumbani nyuma ya soko, waje wote Kasulu kwenye ofisi kuu ya mradi, kuna kikao muhimu. Gari la mradi halitakuja. Wapande magari ya abiria, nauli itarudishwa kwa mwenye risiti ya mashine.

Alfajiri ile, stendi, alimwomba dereva risiti ya mashine. Dereva aliuliza kama anamtania. Mafuta yalikuwa yamepanda tena na nauli ikapanda nayo, akamwambia, kwa hiyo kama mradi unataka risiti, uje upande wenyewe. Ndani ya gari alimkuta Longinus, mwalimu wa shule ya msingi, naye mgonjwa wa mradi, aliyerudi kufundisha muhula huu ila akawa anasahau majina ya wanafunzi. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, za kazi, za mvua na za mihogo, na majibu yote yakawa nzuri. Walipofika Mvugwe ndipo Longinus alipomweleza kwamba mke wake amelazwa.

Hiyo ndiyo desturi, na mgeni asipoijua atadhani watu wa huku ni waongo. Mtu anaweza kuwa na maiti ndani ya nyumba, lakini ukimuuliza habari atakwambia nzuri kwanza. Habari mbaya haitangulizwi mlangoni. Unaipokea salamu, unaijibu kwa amani, unakaa, mnanyamaza kidogo, kisha ndipo neno lenyewe linatoka. Anayeanza kulia kabla salamu haijaisha amelelewa vibaya, na wanaomsikia wanamwonea haya mama yake.

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya bati jekundu kwenye barabara ya kwenda Heru Juu. Getini alikaa mlinzi, Mzee Obedi, mwenye koti la mvua na daftari la wageni. Alisimama, akapiga makofi taratibu kwa Kiha chake cha adabu. Mwakeye, mwakeye, ndiyo salamu yao ya asubuhi. Verediana alipinda magoti kidogo akapiga yake. Habari za safari? Nzuri. Za Kibondo? Nzuri. Na mwili? Salama tu, tunamshukuru Mungu. Akaandika jina lake na saa ya kuingia, nne na dakika kumi, akapita.

Watu kumi na mmoja wa Kibondo walikaa kwenye viti vya plastiki. Mbele alisimama Bwana Mudathiri, mratibu wa mradi, mtu msafi, mwenye shati lililopigwa pasi na sauti ya mtu aliyezoea kupewa maji ya chupa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwashukuru kwa kuja, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema neno sayansi mara nyingi. Kisha akawasha kompyuta, na ukutani ikatokea michoro miwili.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa wagonjwa wa kambi ya Nyarugusu, wakimbizi kutoka Kongo wanaotibiwa hapahapa Kasulu Jumanne na Alhamisi, na leo kwa nyongeza. Mstari wao ulianzia juu, kwenye tisa, ukateremka wiki hadi wiki mpaka kwenye tatu. Mchoro wa pili ulikuwa wa Kibondo. Mstari ulilala chini kabisa, kwenye sifuri, ukanyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Verediana aliutazama kwa jicho la ufundi. Ulikuwa mnyoofu kuliko mstari wowote aliowahi kuuchora kwa chaki.

"Sifuri maana yake ni kwamba mtu hana shida," alisema Mudathiri. "Ninyi mlianza mkiwa wazima na mmemaliza mkiwa wazima. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kifaa ni kimoja, na wafadhili wanataka kiende kunakoonekana mabadiliko. Kwa hiyo upande wa Kibondo tunaufunga leo."

Mwalimu Longinus alipiga makofi, kwa mazoea ya vikao, na wengine wakamfuata.

Verediana hakupiga. Aliinua mkono akauliza kuhusu damu, kwani walitolewa damu mara tatu, na Anifa aliwaambia kwamba damu ndiyo inayoonyesha kama askari wametulia. Mudathiri alikohoa. Damu ya Kibondo ilihifadhiwa kwenye friji, alisema, na bahati mbaya wiki iliyopita umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Sampuli ziliharibika. Zimebaki fomu tu. Hakuna aliyecheka, ingawa palikuwa na cha kuchekea: umeme wa kichwani ulipatikana kila siku bila kukosa, wa friji ndio uliokosekana.

"Mimi nilikuwa siwezi kutunga uzi kwenye sindano," alisema Verediana. "Sasa ninatunga."

"Nimefurahi kusikia, mama. Lakini hilo halimo kwenye fomu."

Walipewa mapumziko, chai na andazi moja moja, kabla ya kuingia mmoja mmoja kujaza fomu ya kufunga. Kila atakayeijaza na kutia saini angepewa barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya kanda, iwapo siku moja angeumwa. Wenzake waliifurahia barua. Verediana alitoka nje na kikombe chake, akakaa kwenye benchi la ukutani karibu na mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu mapajani na kichwa kilichonyolewa. Kwa kile kichwa kikavu alijua kwamba naye ni wa sponji.

Yule mtu alijitambulisha: Polycarpe, wa Nyarugusu, zamani alikuwa fundi wa viatu kule Fizi. Alikuwa anangoja zamu yake. Walisalimiana, na Verediana, ambaye hakuwahi kuzungumza na mgonjwa wa upande ule, akamuuliza aliumwa kiasi gani alipoanza hata mstari wao ukawa juu vile.

"Kama wewe tu, mama," alisema Polycarpe. "Kichwa iliuma, mikono ilitetemeka."

"Na ulipoulizwa unajisikiaje, ulijibuje?"

Polycarpe alimtazama kama anayemtazama mtu aliyefika kambini jana.

"Nilisema niko vibaya sana. Kumi juu ya kumi. Wewe ulisema je?"

Verediana aliinamia chai yake, na Polycarpe akaelewa. Alitikisa kichwa polepole. Hakumcheka.

"Sikia, mama. Mimi niko mu kambi miaka makumi mbili na kitu. Watu ya karatasi hawaulizake salamu. Wanaulizaka maumivu. Ukisema uko bien, uko muzuri, wanakutosha ku liste, jina inafutwa, iwe ya unga, iwe ya blanketi, iwe ya dawa. Hata kwetu adabu iko, tunasema tuko salama mbele, kisha tunasema msiba. Lakini ile adabu mimi niliiacha ku mpaka."

Akaitwa ndani. Aliinuka, akavaa kofia yake, akaivua tena akikumbuka sponji, akaingia.

Verediana alibaki na kikombe mkononi. Alizikumbuka zile asubuhi kumi na mbili moja moja. Anifa anakaa, anafungua fomu, anasoma: kwa siku ya leo, unajisikiaje? Naye anajibu: vizuri tu, sista, tunamshukuru Mungu. Halafu ananyamaza kidogo, kama inavyopasa, akijiandaa kusema lile neno lenyewe, la kichwa na la mkono. Na Anifa, macho kwenye karatasi, kalamu inazungusha sifuri, anasoma swali la pili, nalo ni kama amekunywa maji ya kutosha. Neno lenyewe halikuwahi kupata mlango. Fomu haikuwa na subira ya kungoja mtu amalize kuwa na adabu.

Alipata hasira, hasira hasa, ya kumfanya aweke kikombe chini kisije kikavunjika. Na kwa kuwa hakujua amkasirikie nani, alijikasirikia kwanza mwenyewe.

Zamu yake ilipofika, Anifa alikuwa mezani peke yake, amechoka, ushungi umelegea. Mbele yake palikuwa na karatasi ile ile ya siku zote, ila juu yake pameandikwa KUFUNGA. Alimkaribisha Verediana kwa upendo, akamwuliza kuhusu safari, kisha akashika kalamu akasoma kama alivyozoea.

"Kwa siku ya leo, unajisikiaje?"

Verediana alifunga mdomo. Ulimi ulikuwa tayari umeshaanza kwenda zake, akaurudisha. Anifa alingoja, akainua macho. Labda ilikuwa mara ya kwanza kuinua macho kabla ya swali la pili.

"Sista, na nikikujibu kwamba vibaya?"

Anifa aliutazama mlango, akaweka kalamu.

"Usifanye hivyo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza umeandikwa sifuri. Ukisema leo vibaya, watasoma kwamba ulikuja mzima, umeme ukakuharibu. Watakifunga kisanduku hata kwa wale wa Nyarugusu."

"Nikisema vizuri?"

"Watasoma kwamba umeme haukufanya kitu."

"Na ukweli nauweka wapi?"

Anifa alieleza tu kwamba maswali yaliandikwa nje ya nchi, yakafasiriwa Dar es Salaam na mtu ambaye hajawahi kufika huku, na kwamba kwenye semina waliapishwa kusoma swali kama lilivyo, bila kuongeza neno hata moja, kwa sababu anayeongeza neno anamlisha mgonjwa jibu. Watu kumi na mmoja kwa siku kule Kibondo, kisanduku kimoja, muuguzi mmoja. Kisha akaukaza ushungi wake, na alipoendelea hakuwa tena anaitetea semina.

"Hata kwetu Tanga ni hivi hivi, mama. Mtu husema salama kwanza. Nilijua. Kila uliponiambia vizuri nilijua si vizuri, mkono wako nilikuwa nauona unavyotetemeka. Lakini kwenye karatasi hapakuwa na mahali pa mkono."

Verediana alimwonea huruma, na huruma hiyo haikumpunguzia kitu. Zile mara nane alikuwa ameshazikosa. Alijua. Kisanduku kilikuwa kwenye chumba cha pili, nyaya zake kichwani mwa Polycarpe, na kingebaki huko. Januari ingekuja na nusu ya dawa ndani ya kichwa chake, na hakuna mtaalamu aliyejua kama nusu hiyo ingedumu mwezi au wiki. Angerudi barazani kwa Asia akakate, na siku mkono ukirudia mambo yake, basi.

Lakini kulikuwa na ule mstari ukutani. Yeye alikuwa ndani yake. Mtu yeyote mahali popote angeutazama na kusema, Verediana wa Kibondo hakuwahi kuumwa.

"Nipe kalamu," alisema.

Anifa alisita, akampa. Chini ya fomu palikuwa na mstari wa saini na nafasi kubwa nyeupe ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Verediana aliivuta karatasi upande wake. Mudathiri aliingia wakati huohuo kuuliza kwa nini zamu hii imechelewa, akaona kalamu iko mkononi mwa mtu asiyestahili kuishika.

Anifa alimweleza kwa maneno machache. Mudathiri alisikiliza vizuri, hata akavuta kiti. Alimwambia Verediana kwamba anamwelewa, ila kuna taratibu. Mshiriki akikiri kwa maandishi kwamba alitoa taarifa zisizo za kweli, taratibu zinataka aondolewe, yeye na taarifa zake zote tangu siku ya kwanza. Itakuwa kana kwamba hakuwahi kushiriki. Na asiyewahi kushiriki hawezi kupewa barua ya rufaa.

"Kwa hiyo fikiria, mama. Sema tu vizuri, utie saini, uchukue barua yako. Hakuna anayekudhuru."

"Nikiondolewa, na ile sifuri yangu inaondoka?"

"Inaondoka."

Verediana aliinama akaandika. Aliandika kama anavyochora kwenye kitambaa, bila haraka, kila herufi imesimama mahali pake: SIKU YA KWANZA NILIUMWA SANA. NILISEMA NZURI KWA SABABU NILISALIMIWA. Chini yake akaweka jina lake lote na namba ya simu. Akafunika kalamu kwa kifuniko chake, akairudisha kwa Anifa.

Mudathiri aliisoma. Akaisoma tena, na uso wake ukalegea kwa namna ya kirafiki.

"Mwandiko mzuri sana, mama. Mgonjwa wa ubongo haandiki hivi. Unaona mwenyewe? Wewe ni mzima kabisa."

"Mwezi jana nisingeweza hata kuishika hiyo kalamu," alisema Verediana.

Mudathiri alitabasamu, akatoa faili la manjano kabatini, akaichomeka ile karatasi humo. Kwenye jalada paliandikwa WALIOONDOLEWA. Faili lilikuwa jembamba. Anifa alikuwa anatazama meza, na kalamu bado ilikuwa mkononi mwake, juu ya fomu mpya ya mtu anayefuata. Mlangoni Verediana alimpisha Mwalimu Longinus, na kabla mlango haujafungwa alimsikia akijibu swali la kwanza, kwa sauti ya darasani, kwamba yeye yuko vizuri sana.

Nje mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Ilikuwa saa tisa kasoro, na magari ya kurudi Kibondo hayangojei mtu. Kichwa kilianza kujaa, mapema kuliko kawaida, labda kwa ajili ya safari, labda kwa ajili ya yale mengine. Alijifunika kanga akaelekea getini.

Mzee Obedi alisimama, akafungua daftari kwenye ukurasa wake, akapiga makofi taratibu kwa salamu ya mchana.

"Mwidiwe, mama. Habari za huko ndani?"

Verediana alipinda magoti, akapiga makofi yake, akafungua mdomo kusema neno ambalo amelisema maisha yake yote. Halikutoka. Alisimama pale, mikono imekutana kifuani, na manyunyu yanamwangukia.

"Siyo nzuri, mzee," alisema. "Mimi naumwa."

Mzee Obedi alimtazama. Salamu haikuwa imeisha na mtu amekwisha kulia. Kwa umri wake alikuwa na haki ya kuona haya kwa niaba ya mama wa huyu mwanamke. Hakufanya hivyo. Alilifunga daftari bila kuandika saa ya kutoka, akalivuta gogo alilokuwa akikalia mpaka chini ya kibati cha geti ambako mvua haikufika, akalifuta kwa kiganja.

"Kaa hapa," alisema. "Tangu lini?"

Katika zile mara kumi na mbili hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Verediana alikaa, akamwambia kwamba ilianza mwezi wa nne, na gari la Kibondo likapita likipiga honi.